Picha Mbili za Ubongo wa Fundi

Mtaani kwetu Kipawa mafundi cherehani ni wengi, lakini ukisema "Fundi" ukaishia hapo, hakuna atakayekuuliza fundi yupi. Jina alikuwa nalo. Nimeliona limeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, ila sitaliandika hapa kwa sababu mwenyewe hakulipenda. Alisema jina lile huitwa hospitali tu, kwa hiyo kila akilisikia bega linaanza kumuuma kabla hajachomwa sindano.

Nilikaa naye nyumba moja miaka saba. Yeye alipanga chumba cha mbele, na cherehani chake cha kukanyaga kilikaa barazani. Mimi nilipanga chumba cha nyuma, mwalimu mpya wa Biolojia katika sekondari ya jirani, nimetoka Iringa na begi moja na majivuno mengi. Siku ya kwanza nilimwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, halafu akasema, "Wewe ndiye mwalimu tuliyeambiwa. Blauzi yako bega la kulia limezidi. Aliyekushonea alikuwa anawaza mambo mengine." Nilikasirika. Mimi ni mtu wa kukasirika upesi, na sipendi kuambiwa ukweli na mtu nisiyemjua. Nilipofika chumbani nilivua ile blauzi nikaipima kwa rula, nikakuta bega la kulia limezidi kweli.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mtu hakumpima kwa futi, ule utepe ambao mafundi wengine hutembea nao shingoni. Alikutazama. "Geuka," anakwambia. "Nenda mpaka pale kwenye ndoo, urudi. Haya, njoo Alhamisi." Wateja wageni walidhani wanafanyiwa mzaha, na wapo waliodai kitambaa chao warudishiwe. Sisi wenyeji tulijua kwamba Alhamisi nguo itakaa mwilini kuliko ngozi. Alikumbuka nani hubana tumbo akitazamwa, nani bega moja limeshuka kwa kubeba mtoto. "Futi ni ya mtu asiyetazama," alikuwa akisema, na futi yake ilikaa kwenye droo pamoja na vifungo vilivyokosa wenzao.

Jambo asilokuwa na uhakika nalo alilisemea kifundi. Alisema, "Hilo tulipige bandi kwanza," maana yake tulishike kwa mshono wa muda, tusilishone moja kwa moja, kesho huenda likafumuliwa. Siasa alizipiga bandi. Habari za nani kaachana na nani alizipiga bandi. Nilimcheka, nikamwambia kwamba mimi darasani nikipiga bandi kila kitu wanafunzi watafeli wote. Akasema huenda wangefeli wachache zaidi.

Ndege zinapita chini chini juu ya nyumba zetu, na ikipita moja, watu wote hunyamaza katikati ya sentensi, wakaendelea ikishaondoka. Fundi hakunyamaza. Midomo iliendelea kucheza, na ukikosa maneno ni shauri yako. Nilipomuuliza, alisema amezoea kuongea huku kelele nyingine zikiwemo.

Wiki yangu ya kwanza tu nilikuwa nimeshaambiwa na watu watatu, kila mmoja kwa kunong'ona, kwamba Fundi ana ugonjwa wa akili. Mmoja alisema karogwa kwao kusini, mwingine alisema ni bangi ya ujanani. Mwenyewe hakunong'ona. Alisema "nina skizofrenia" kama mwenzake anavyosema ana presha, na akaendelea kukanyaga cherehani. Sauti alizokuwa akizisikia zamani aliziita wateja. "Walikuwa wanakuja kulalamika," alinieleza. "Mikono ya mashati mifupi, pindo limepinda. Hawaridhiki wale." Mwanzoni walilalamika tu, baadaye wakaanza kuamuru. Asubuhi ya harusi ya watu walimwamuru afumue gauni la bibi harusi, naye akalifumua mshono kwa mshono, akalikunja vizuri, akawakabidhi wenyewe vitambaa vitupu. Mwaka huohuo mkewe alirudi kwao Lindi, na sijamsikia hata mara moja akimlaumu.

Baada ya hapo ndipo akaanza kliniki, na kila mwezi akachomwa sindano. Sindano iliwafukuza wateja wale wote, ikamrudisha kwenye kazi, na bila hiyo mimi nisingemkuta barazani. Hilo nilipaswa kulikumbuka.

Lakini dawa nayo ilikuwa na yake. Alinenepa. Mate yalimjaa mdomoni, akatembea na kitambaa. Mguu haukutulia: hata akila ugali, chini ya meza unyayo ulikuwa unakanyaga cherehani kisichokuwepo. Kibaya zaidi kwake ni vidole. Vilitetemeka, si sana, kiasi cha kumshinda kutunga uzi. Kila asubuhi kabla sijaondoka nilimtungia sindano kumi, tano za uzi mweupe na tano za bluu, nikazichomeka kwenye kipande cha kitambaa, haraka haraka, maana kengele ya shule haimsubiri mtu. Mishono iliyonyooka aliiweza. Kola alikuwa akizipeleka kwa fundi mwingine, na siku za kuzipeleka hakuongea na mtu.

Nilidhani kola ndiyo iliyokuwa ikimuuma kuliko yote. Siku moja, mvua imefukuza watu wote barabarani, akaniambia jambo jingine. "Tangu nianze hii dawa kumekuwa kimya sana, Mwalimu. Sisemi nawataka. Walinitesa. Ila angalau wale walikuwaga wanakuja." Nilimwambia nina madaftari ya kusahihisha, na ni kweli nilikuwa nayo, lakini yangeweza kungoja. Mtaa mzima ulikuwa hivyohivyo kwake. Nguo zetu tulimwamini nazo wiki nzima, ila wenyewe dakika tano zilitushinda.

Sasa nifike kwenye zile picha. Alipougua mara ya kwanza, hospitali walimpiga picha ya ubongo wahakikishe hakuna uvimbe. Miaka mingi baadaye bodaboda ilimwangusha, akapigwa ya pili wahakikishe kichwa hakikuumia. Kichwa hakikuwa kimeumia. Alirudi na bahasha kubwa ya khaki, na siku iliyofuata, Jumamosi, nikamkuta amezibandika zote mbili kwenye kioo cha dirisha, jua linapita katikati. Kila moja ilikuwa karatasi nyeusi ngumu yenye vipicha vingi vya kichwa, kimoja kimoja, kama kimekatwa vipande kutoka juu kwenda chini. Na mkononi alikuwa na futi. Mtu aliyedharau futi maisha yake yote, siku ya kujipima mwenyewe akaitoa kwenye droo.

"Mwalimu, njoo uone," akasema. "Wewe ndo unafundisha vitu vya mwili. Hii ya zamani, kutoka hapa mpaka hapa, inchi mbili na nusu. Hii ya sasa haifiki inchi mbili."

Nilivuta kigoda. Tukatazama. Nilizibandua karatasi, nikazishika juu kwenye mwanga, hii kisha ile, nikakunja uso kama ninavyokunja darasani nikiulizwa swali ambalo sikulisoma. Wiki ile ile nilikuwa nimesoma kwenye simu habari kwamba dawa za ugonjwa huu, zikitumiwa miaka mingi, zinaonekana kupunguza ukubwa wa ubongo. Nilikuwa nimeisoma nusu, chai mkononi. Basi nikaona nilichosoma.

"Ni kweli, Fundi," nikamwambia. "Umepungua. Hizi dawa zina tabia hiyo."

"Una uhakika?"

Hapo ndipo yeye, kwa kawaida yake, angesema tupige bandi. Hakusema. Na mimi nilijibu, "Ndivyo vitu ninavyofundisha."

Aliikunja futi taratibu, akatazama picha ya pili muda mrefu. "Basi kola zangu ziliondokea humo," akasema.

Mwezi ule hakwenda kliniki, na uliofuata hakwenda. Nilijua. Nilimwona tarehe yake ikipita akiwa barazani, na sikuuliza. Nilijiambia ni mtu mzima, anaamua mwenyewe, na ndani yangu, niseme tu, nilijisikia mtu muhimu. Kisha mambo yakawa mazuri. Vidole vilitulia. Asubuhi moja nilikuta sindano zote kumi zimeshatungwa, naye anatabasamu huku anajifanya hanioni. Alipungua mwili, alitania, alinishonea blauzi yenye kola ya duara ambayo mpaka leo sijaona nzuri kama ile. Nilikwenda nayo shuleni, nikasifiwa, nikajiona nimemwokoa mtu kutoka kwa madaktari.

Mwezi wa nne tangu aache sindano, alianza kucheka peke yake. Nikapita, nikamsikia akisema, "Haya, haya, mkono nitaupunguza," na mbele yake hakuna mtu. Nilisimama kidogo. Halafu nikaendelea na safari yangu, kwa sababu kukiri kwamba naona ninachokiona kungekuwa kukiri na mengine.

Wiki mbili baadaye nikarudi kutoka shuleni nikakuta watu wamejaa mbele ya nyumba. Sare za shule nzima ya msingi, alizopewa azishone kabla ya muhula ujao kuanza, alikuwa amezikata vipande vya ukubwa wa kiganja na kuzipanga barazani kwa mistari. Alikuwa anavizunguka vile vipande na kuwaomba radhi watu ambao sisi hatukuwaona. Waliokuwa wakimwita Fundi asubuhi walimwita kichaa mchana, na wengine walikuwa wameshashika mawe. Hakumgusa mtu hata mmoja. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na safari hii haikuwa dawa.

Dada yake alikuja kutoka Wazo na mumewe na teksi. Ni mama mtu mzima, mnene, sauti ya chini. Alimshika mkono mdogo wake, akamwingiza garini kama anayemsindikiza mgeni, halafu akatugeukia sisi tuliosimama pale.

"Nani kamwambia aache sindano?" akauliza. "Nauliza tu, jamani. Maana yeye anasema kaambiwa na mtu anayejua."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilitazama chini, kwenye vile vipande vya bluu, na sikujibu. Ndege ikapita, na nilishukuru ilipopita.

Bahasha ya khaki ilibaki chumbani kwake. Kabla dada yake hajarudi kuchukua vyombo, niliibeba nikaipeleka kliniki kwa sista aliyekuwa akimchoma kila mwezi, mwanamke mkavu asiyebembeleza mtu. Nilimweleza kila kitu. Nafikiri nilitaka kugombezwa. Aliweka karatasi zote mbili mezani, akazitazama, akanitazama.

"Hii ya kwanza ina vipicha vingapi?" akauliza.

Nikahesabu. "Kumi na viwili."

"Na hii?"

"Ishirini."

"Karatasi zina ukubwa gani?"

Zilikuwa sawasawa. Kisha akanionyesha kimstari pembeni mwa kila picha, chenye vialama vya sentimita, ambacho ndicho cha kupimia. Ukifuata kile kimstari, kichwa kilikuwa na ukubwa uleule. Mtu aliyekuwa akipanga vipande vya mashati ishirini kwenye kitambaa cha kumi na mawili, pamoja na mwalimu wa Biolojia, hatukuliona hilo.

"Ulichosoma si uongo," sista akasema. "Wapo wataalamu wameona ubongo unapungua kidogo kwa wanaotumia hizi dawa miaka mingi, hasa dozi kubwa. Wengine wameona unapungua kwa ugonjwa wenyewe, hata kwa mtu ambaye dawa hajaonja. Bado wanabishana wapi panaishia hili na wapi panaanzia lile. Na kupungua kwenyewe huwezi kukuona kwa futi dirishani. Angekuja hapa akasema mikono inatetemeka, kola zimenishinda, tungemshushia dozi pole pole, au tungembadilishia. Hakuwahi kusema. Alikuwa akija, anatoa bega, anaondoka. Sasa kila akianguka hivi, kuinuka kunakuwa kugumu zaidi. Hilo simu yako haikukwambia?"

Labda ilisema, kule chini ambako sikufika.

Nililia njiani, nikiwa nimekumbatia bahasha. Ungedhani baada ya hapo nilikwenda kumwona. Sikwenda. Nilijua wodi aliyolazwa, nilijua saa za kuona wagonjwa, baadaye nikajua na nyumba ya dada yake Wazo. Kila Jumamosi nilipanga nitakwenda Jumamosi ijayo. Barazani aliingia muuza vocha. Watu waliacha kumtaja, kisha wakapata fundi mwingine, anayepima kwa futi. Nami niligundua kwamba katika miaka yote saba sikuwa na mtu mwingine pale wa kumwambia neno asubuhi. Sindano zangu tano nyeupe na tano za bluu ndizo zilikuwa mazungumzo yangu ya siku. Nilikuwa mpweke muda wote ule na nilikuwa nimeuita upweke huo kazi nyingi.

Mwaka huu nilitakiwa kupeleka fomu ya afya kwa mwajiri, nikaenda kupimwa katika hospitali moja upande wa Kinondoni. Nikitafuta dirisha la kugonga mhuri nilipita kwenye ukumbi wa kliniki ya akili, na nikamwona kwenye benchi la mwisho. Nywele zimekuwa nyeupe. Pembeni yake palikuwa na nafasi ya watu wawili, ingawa wengine walikuwa wamesimama. Miguu yangu ilitaka kugeuka, sitasema uongo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu." Akanitazama toka juu hadi chini. "Umekonda. Kiuno hicho kimebaki peke yake humo ndani."

Nilikaa. Aliniambia anakaa kwa dada yake, wamemshushia dozi kidogo kidogo, mguu umetulia, mkono bado unatetemeka ila si kama zamani. Anapinda mashuka na mapazia. Kola hajajaribu. Wateja wale wanakuja siku moja moja, lakini kwa mbali, hawamwamuru. Alipomaliza nikajua nisiposema sasa sitasema tena.

"Fundi, zile picha," nikasema. "Sikujua kuzisoma. Nilikudanganya. Na dada yako alipouliza nani, nilikuwa pale pale, nikanyamaza."

"Najua hukujua kuzisoma."

"Umejua lini?"

"Siku ile ile. Ya pili uliishika nyuma mbele. Maandishi yote yamegeuka, wewe unakunja uso tu."

Nilishindwa hata kuona aibu kwa jinsi nilivyoshangaa. "Sasa kwa nini hukuniambia?"

Alijifuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja. "Ulikuwa umekaa," akasema. "Watu wakija kwangu wanasimamaga, hata wewe. Siku ile ulivuta kigoda. Nusu saa nzima tumekaa bega kwa bega tunakitazama kichwa changu. Ningekwambia umekosea, ungeinuka."

"Lakini sindano uliacha, Fundi."

"Sindano nimeacha mwenyewe. Nilishachoka na kile kimya. Wewe ulinipa sababu ya kitaalamu tu." Akatabasamu kidogo. "Dada nimemwambia hivyo. Hana neno na wewe."

Nilitegemea nitajisikia mwepesi. Sikujisikia mwepesi. Kosa la kusoma picha vibaya ningeweza kulibeba, ni ujinga, na ujinga hutoka. Lakini kwamba nusu saa yangu ilikuwa na thamani ile kwake, na nilikuwa nayo kila siku miaka saba, sikuona pa kuliweka hilo.

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akaita jina lake, lile asilolipenda. Akainuka akijishika magoti.

"Haya, Mwalimu. Nenda, una shule."

"Nitakungoja."

"Wanachelewesha humu."

"Nitakungoja, Fundi."

Aliingia. Walichelewesha kweli, dirisha la mhuri likafungwa nikiliona, na simu ya mwalimu mkuu ikaita mara mbili. Alipotoka alikuwa anabonyeza pamba begani, na alishika njia ya getini moja kwa moja bila kutazama benchi, mwendo wa mtu anayejua hakuna wa kumtazamia. Nilimwita. Alisimama, akageuka, akanitafuta kwa macho muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana nilikuwa palepale aliponiacha.

"Kumbe upo," akasema.

Akarudi, akakaa.